Mota Tatu na Kilima Kilichofutwa

Ipo nchi moja, usiniulize iko upande gani, maana hata waliozaliwa humo wakiulizwa husema, "Tupo tu." Inaitwa Jamhuri ya Utulivu. Kiongozi wake ni Baba wa Utulivu, Mungu amzidishie usingizi. Baba hapendi kelele. Na kwa kuwa hapendi kelele, hakuna anayelalamika. Na kwa kuwa hakuna anayelalamika, hakuna shida. Wimbo wa taifa huimbwa midomo imefumbwa. Majogoo wa mji mkuu walishachinjwa wote, wakapewa nishani.

Katika mji huo alikuwapo mnoa visu akiitwa Shomvi. Alikuwa na baiskeli iliyokatwa nusu: akikanyaga pedeli, jiwe linazunguka, kisu kinalia, cheche zinaruka. Shule aliiona kwa nje, akipita kwenda kunoa mapanga ya mpishi wa shule. Lakini alikuwa na mke, Mwantumu, na aliye na Mwantumu hakuhitaji shule. Ujinga wake alionyeshwa kila siku nyumbani kwake, tena bila ada.

Mwantumu alikuwa na pumu. Na hospitali ya mji iko juu ya Kilima cha Pumzi, ilijengwa huko ili madaktari wapate upepo. Wagonjwa hawakuulizwa. Mgonjwa naye ana haja gani na upepo?

Wakati huo yalikuwa yamekuja magari ya wagonjwa yanayotembea kwa umeme, msaada wa nchi fulani yenye huruma nyingi na magari mengi zaidi. Ndani yake mlikuwa na mota, Toleo la Kwanza. Mota ile ilikuwa na nguvu za ng'ombe kumi na sauti ya mbu mmoja, ila mbu aliyekwisha kuingia sikioni. Gari likianza kupanda, sauti nayo inaanza chini, iiii, halafu inapanda pamoja na kilima, iiiiii, mpaka getini. Mji mzima ulijua kwamba kuna mtu anaumwa, na kwamba atafika.

Dereva wa gari la mtaa wao alikuwa Msellem, mdogo wake Mwantumu. Kazi ile hakuipata kwa cheti. Shomvi, shemeji yake, alinoa bure visu vya mkuu wa usafirishaji, akanoa, akanoa, mpaka visu vikaisha upana vikabaki kama sindano. Ndipo mkuu akasema, "Haya, mlete huyo kijana wako." Na kabla ya hapo Msellem alikula kwa dada yake, alilala kwa dada yake, na suruali ya kwanza ya kuendea kazini aliazima kwa shemeji. Haijarudi mpaka leo.

Pumu ilipombana Mwantumu mara ya kwanza, Msellem alimpandisha kilima na mbu wake, akatiwa dawa, akarudi anacheka.

"Mbu wenu ana makelele," alimwambia mumewe, "lakini anafika. Si kama wewe, Shomvi. Kimya, halafu hufiki."

Shomvi alicheka naye. Mwanamke mwenye pumzi ya kumtukana mumewe, ni mzima huyo.

*

Sasa, mchana mmoja Baba wa Utulivu alikuwa amepumzika, na mbu akapita barabarani. Baba akafumbua jicho. Jicho moja tu, lakini baraza zima la mawaziri halikulala wiki ile.

Waziri wa Mizunguko, Mheshimiwa Pazi, mtu mwenye tumbo la kitaifa, akaitisha wananchi uwanjani. Nyuma yake zilipangwa gari mbili, moja yenye Toleo la Kwanza, nyingine yenye Toleo la Pili, lililonunuliwa kwa mpwa wake bila upendeleo wowote.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ya chini, kama sheria inavyotaka, "wataalamu wanatufundisha kwamba kelele ni nguvu inayopotea. Sasa mota isiyopiga kelele haijapoteza nguvu. Na ambayo haijapoteza nguvu, inazo zote. Je, kuna swali? Hakuna."

Wananchi wakapunga mikono hewani, maana makofi yalikwisha pigwa marufuku.

Mota zikalinganishwa mbele ya watu, kwa haki kabisa. Zilianzia juu kwenye geti la hospitali zikashuka mpaka sokoni. Kwa nini kushuka? Kwa sababu katika nchi ile gari la serikali haliruhusiwi kuonekana likihema. Hiyo ni heshima ya dola. Tangu enzi za magari ya dizeli, kila gari la serikali lilipimwa kwa kushuka, na halijapatikana hata moja lililoshindwa. Toleo la Pili likafika la kwanza, kimya kama paka, maana fundi alikuwa amesahau kukaza breki. Liliingia kwenye banda la nyanya, likatangazwa mshindi likiwa humo humo.

Muuza mbuzi mmoja akasahau adabu. "Mheshimiwa, na kupanda je?"

Waziri alimtazama kwa upendo. "Ndugu yangu, ukishajua kushuka, kupanda ni kinyume chake tu."

Basi mota za kwanza zikang'olewa katika magari yote ya wagonjwa, za pili zikatiwa.

Siku hiyo Msellem alikuja kula kwa dada yake. Wali ulikuwepo, samaki alikuwepo, ila Msellem mwenyewe hakuwa sawa.

"Hiyo mpya ikoje?" Shomvi alimuuliza.

"Nzuri. Tulivu. Ila ikipata joto inajipunguza nguvu yenyewe, isiungue. Inajihurumia."

"Na aliyemo ndani," Mwantumu akadakia akimwongezea mchuzi, "anahurumiwa na nani?"

Msellem akacheka kidogo. "Dada nawe."

"Na zile za zamani zimekwenda wapi?"

"Stoo ya serikali. Zitatupwa." Akasema hivyo akiangalia mwiba wa samaki, akaugeuza, akaugeuza tena, kama anayetafuta nyama upande ambao hauna.

Shomvi aliliona hilo. Lakini mtu uliyemvalisha suruali humtilii shaka kwa ajili ya mwiba.

*

Msimu wa joto wa mwaka ule, jua likiwa utosini, pumu ilimrudia Mwantumu ikiwa na hasira. Msellem akaitwa, akaja upesi, tusimnyime haki yake. Wakambeba. Akiwa tayari ndani ya gari, Mwantumu aliashiria mlangoni: kanga yake nzuri, ile ya maua ya bluu. Hakutaka kufika kwa madaktari na ile ya jikoni yenye masizi. Shomvi aliinyakua kwenye kamba akamrushia dirishani gari likiwa linaondoka, kisha akaruka nyuma. Kazi ya kupepesa jicho.

Gari likaanza kupanda Kilima cha Pumzi. Kimya. Shomvi, ambaye maisha yake yote yalikuwa masikioni, kazi ya jiwe na chuma, alikisikiliza kimya kile kikamtisha. Alichosikia ni kifua cha mkewe tu. Katikati ya kilima, pale penye mfereji uliobomoka, gari lilipunguza mwendo, likapunguza tena, likawa linatembea kama bibi harusi. Halafu likasimama.

"Msellem! Vipi?"

"Imekata nguvu, shemeji. Imepata joto. Inangoja ipoe."

"Ingoje nini? Mtu anakufa!"

"Haijui, shemeji! Haijui!"

Wakashuka wakasukuma. Wapita njia wawili wakaja, wakasukuma, wakasikia askari anakuja, wakaondoka. Shomvi alitia bega mpaka mfupa ukalia. Gari lilikuwa zito, na nzito zaidi ilikuwa betri. Lilipanda kidogo, likarudi kidogo. Kwa dirisha la nyuma alikuwa anamwona Mwantumu, kanga ya bluu kifuani, mkono umeinuliwa kama anayetaka kusema neno. Shomvi alilingoja neno lile, hata tusi. Halikuja. Mkono ukashuka polepole, kimya, kama Jamhuri inavyopenda.

Makaburini, Msellem alilia mpaka watu wakamshika. Mikono ikiwa bado ina udongo wa dada yake akamshika Shomvi shingoni. "Nitasema, shemeji. Wallahi popote watakaponiita nitasema. Mota ndiyo iliyomuua. Nisiposema, udongo huu usinipokee."

Shomvi akashika neno lile kama kipofu anavyoshika fimbo.

*

Matanga hayajaanuliwa, redio ikatangaza. Waziri wa Mizunguko anasikitika kwa kifo cha mwananchi mmoja, Bi Mwantumu, kilichosababishwa na yeye mwenyewe, marehemu, kuchelewa kutoka nyumbani kwa sababu ya kuchagua kanga. Gari halikuwa na hitilafu. Gari lilisikitika sana.

Shomvi alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Alijiuliza: habari ya kanga, hawa wamepewa na nani? Akawashuku majirani. Mtaa mzima aliuona mbaya. Mama wa nyumba ya pili, aliyemletea uji, alirudishiwa uji wake.

Kisha likaja bango. Serikali ya Utulivu haiachi msiba upotee bure. Bango kubwa lilisimamishwa mbele ya geti la hospitali, na jingine sokoni, pale pale Shomvi aliponolea visu. Mlichorwa mwanamke mnene (Mwantumu alikuwa mwembamba kama ufito) amesimama mbele ya kioo na kanga saba, na nyuma yake gari zuri linangoja kwa subira. Maandishi: USICHELEWE KAMA BI MWANTUMU.

Watu wa Utulivu hawana ubaya, hucheka kimya kimya. Mtu akikawia sokoni huambiwa, "We Mwantumu, twende!" Mwanamke akirudi ndani kuchukua mkoba, mumewe husema, "Basi, Mwantumu huyo." Wengine hawakujua hata kama alikuwa mtu.

Mchinjaji mmoja, rafiki wa siku nyingi, alimletea visu akamwambia, "Shomvi, visu vyangu usichelewe navyo kama..." Akakumbuka. Akameza. Shomvi akanoa vile visu akamrudishia, ila tangu hapo alivinoa upande mmoja tu.

Kuanzia hapo hakuwa na haja nyingine duniani. Hakutaka fidia, hakutaka pole. Alitaka bango lile lishushwe, jina la mkewe litolewe midomoni mwa watu.

*

Wagonjwa wengine nao wakawa wanachelewa. Wote wanachelewa mahali pamoja, penye mfereji uliobomoka. Serikali sikivu ikaunda Tume ya Kulinganisha Mota kwa Nguvu na Uimara, ikaweka hema chini ya kilima, ikasema mwenye la kusema aje, ila aje bila la kusema sana.

Shomvi alivaa kanzu aliyozikia. Msellem alikuwa amekwisha kuitwa kama shahidi. Walikutana nje ya hema.

"Leo, shemeji," Shomvi alisema.

"Leo," Msellem akajibu. Alikuwa na viatu vipya.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa mzee mmoja aliyeteuliwa kwa sababu alikuwa kiziwi kidogo, na hivyo asingesumbuliwa na kelele za mota wala za watu. Kando yake aliketi Mheshimiwa Pazi, si mjumbe, amepita tu kusalimia.

"Eleza shida yako," alisema mwenyekiti.

"Waheshimiwa, shida yangu fupi. Ile mota ya zamani na hii mpya, zipandisheni zote mbili kilimani, sasa hivi, mbele ya watu. Itakayosimama isimame. Kisha mlishushe lile bango."

"Kilima kipi?"

Shomvi akadhani hakusikika. Akanyoosha mkono. "Kile."

Wajumbe wakafunua karatasi. "Hakuna kilima pale," alisema mwenyekiti kwa upole. "Hiyo ni Tambarare ya Pumzi. Ilisawazishwa kwa amri ya waziri mwezi uliopita."

"Mbona nikiitazama natazama juu?"

"Hilo ni tatizo la shingo. Hospitali ipo."

Watu wakatikisika mabega, kicheko cha Utulivu. Mheshimiwa Pazi akasema, "Mzee wetu ana uchungu, tumwelewe. Tumwite dereva, mwenye gari lake, mwenye dada yake. Atuambie yeye. Mota ilisimama?"

Msellem akasimama. Alimtazama shemeji yake, na Shomvi akamtikisia kichwa, sema mwanangu, sema.

"Haikusimama, waheshimiwa," alisema Msellem.

Mheshimiwa Pazi akafumba macho, kama anayesikiliza wimbo wa taifa.

"Ilipumzika," akaendelea. "Kwa hiari. Ingeweza kuendelea ila tulikuwa tumekwisha kuchelewa nyumbani. Dada... marehemu alitaka kanga nyingine. Nilikwisha kuwaeleza siku ile ile."

Shomvi hakupiga kelele. Angeweza, na pengine ilimpasa. Alikuwa anamtafuta Msellem usoni, yule aliyekula kwake, akaona uso ule ule, pua ile ile ya Mwantumu, na ndani yake hamna mtu.

"Msellem. Udongo?" alisema tu.

"Shemeji," Msellem akanong'ona akiketi, "maisha haya. Usinielewe vibaya."

Tume ikatoa uamuzi papo hapo, maana ulikuwa umekwisha pigwa chapa. Ilibainika kwamba Toleo la Kwanza lina nguvu lakini halina adabu. Toleo la Pili lina adabu, na nguvu zake zipo, zimetulia. Kwa hiyo magari yote yatatiwa Toleo la Tatu. Likafunuliwa pazia. Lilikuwa Toleo la Pili lililopakwa rangi ya kijani, na rangi yenyewe haijakauka. Mjumbe mmoja aliligusa akapangusa kidole kwenye kanzu ya jirani. Dereva Msellem, kwa ushahidi wake uliotulia, akateuliwa Mkurugenzi wa Miteremko.

*

Shomvi alijifungia ndani. Baiskeli yake ya kunolea ikashika kutu.

Asubuhi moja Msellem akabisha hodi. Alikuwa na gari lake la ukurugenzi, jeusi, vioo vyeusi, redio ikisoma hotuba ya Baba.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuja na habari njema. Nimewaomba kuhusu lile bango la hospitalini, wamekubali. Linashushwa leo. Twende ukaone kwa macho yako."

Shomvi asingepanda gari lile kwa kitu kingine chochote. Lakini kwa bango akapanda.

Wakafika chini ya tambarare. Gari likaanza kupanda, maana magari hayasomi amri. Msellem akaongeza redio. Akaongeza tena. Na chini ya sauti ya Baba, Shomvi akaisikia: iiii.

Akanyoosha mkono akaizima redio.

Iiiiii. Inapanda na kilima, nyembamba, haichoki, inapita penye mfereji uliobomoka bila kujua kwamba pale kuna mfereji.

"Huyu mbu," Shomvi alisema, "namjua."

Msellem akashika usukani kwa mikono miwili.

"Zitatupwa, ulisema."

"Wakubwa wanakaa huku juu, shemeji. Toleo la Pili haliwafikishi majumbani. Wakazitia kwenye magari yao, moja moja. Mimi nilitumwa tu kuzipeleka. Na hii nilipewa baadaye, sikuomba."

"Na kelele je? Baba hasikii?"

"Kelele ya mkubwa si kelele," alijibu Msellem, kwa kujisahau, kama mtu aliyekariri. "Ni taarifa."

"Hii imetoka gari gani?"

Msellem akakaza macho barabarani. Pua ile ya Mwantumu ilikuwa inatoka jasho.

"Imetoka gari gani, wewe?"

"La mtaa wetu, shemeji."

Wakawa wamefika getini. Kweli, bango la zamani lilikuwa limeshushwa, limelala chali kwenye nyasi, kanga saba zote zinatazama jua. Na mafundi walikuwa wanakaza misumari kwenye jipya, refu zaidi. Mwanamke mnene yupo pale pale. Kando yake wamemwongeza mzee mwembamba amenyoosha kidole juu, mdomo wazi. USICHELEWE KAMA BI MWANTUMU. USILALAMIKE KAMA MUMEWE.

"Shemeji, wallahi sikujua kama watakuongeza..."

Shomvi alifungua mlango akashuka. Akateremka kwa miguu, na katika kuteremka kule, kama mota zote za serikali, hakushindwa.

*

Siku hizi, ukipita katika nchi ile, utamkuta penye mfereji uliobomoka, katikati ya tambarare ile inayopanda. Amehamishia hapo baiskeli yake ya kunolea. Gari la wagonjwa likija, kijani, kimya, yeye hukisikia kimya chake kabla halijafika, huweka kisu chini. Gari likisimama kupumzika kwa hiari, hutia bega. Wenye wagonjwa hushuka wakatia mabega yao, na wapita njia, na muuza mbuzi yule, siku hizi hawakimbii sana. Redio imetangaza kwamba Toleo la Tatu halijawahi kushindwa kufika, na safari hii redio haikusema uongo.

Mara nyingine gari jeusi hupita kando yao likipanda, iiiiii, vioo juu. Haligeuzi uso. Shomvi naye hageuzi.

Juzi binti mmoja aliyekuwa akimsindikiza mama yake, jasho linamtoka, alimtazama mzee yule, bega kwenye bati, anahema kwa sauti kubwa, sauti ya kukamatwa na askari.

"Babu, hili gari mota yake iko wapi?"

"Hii hapa, mjukuu wangu. Sukuma."

"Toleo la ngapi?"

"La kwanza," alisema Shomvi. "Lina makelele, lakini linafika."